Maiki ndogo za kubana kwenye nguo: nzuri kwa hotuba, ngumu kwa igizo

Seti hizi zisizo na waya, maiki mbili za kubana na risiva moja (kifaa cha kupokea sauti zake), zimejaa kwenye maduka ya simu katikati ya Kampala, na walimu huzikimbilia msimu wa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ya shule. Kwa hotuba na ngonjera zinafaa sana. Kwa igizo, nunua tu kama una mtu makini wa kukaa kwenye miksa, yaani mashine ya kupandisha na kushusha sauti ya kila maiki.

Kabla ya kulipa, kagua risiva. Nyingi ni za kuchomeka kwenye simu: zinarekodi, lakini hazipeleki sauti kwenye spika. Tafuta yenye tundu la kutolea sauti la milimita 3.5. Pini ya waya wake iwe na mistari miwili. Ya mistari mitatu ni ya simu, na kwenye miksa mara nyingi sauti hutoka hafifu au haitoki kabisa. Muuzaji aiunganishe na spika hapohapo dukani, usikie mwenyewe.

Maiki ikikaa sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, sauti ni safi. Ikipanda zaidi, kila P na B inapuliza. Ikishuka, utaongeza sauti kwenye miksa mpaka spika zipige mluzi. Gomesi, lile gauni refu la kitamaduni la wanawake wa Uganda, ndiyo mtihani mkubwa, maana kitambaa chake huchakarika kila mkono unapoinuka: bana maiki kwenye pindo la shingo, kisha tia plasta ya hospitali kwa ndani ili kitambaa kisicheze.

Kitufe cha kupunguza kelele kizimwe. Kinadhani kila sauti ya chini ni kelele, na kwa kuwa silabi ya mwisho ya Kiswahili haina mkazo, neno linamfikia jaji likiwa limekatika mkia. Mnong'ono ndio hausikiki kabisa.

Boksi linaweza kuahidi mita 20. Lakini nyingi hutumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi na bluetooth, na mwili wa mtu huyazuia. Mwigizaji akiipa risiva mgongo, sauti inakatikakatika. Iweke juu ya stendi kando ya jukwaa, si chini ya meza.

Shida kubwa ya igizo ni wawili wanaposogeleana au kukumbatiana. Kila maiki inanasa sauti za wote, na maneno yanatoka kama yamo ndani ya bomba. Dawa ni kushusha moja kwa wakati wake, kwa hiyo mtu wa miksa awe na skripti yenye pambizo pana, mistari ikiwa na namba, na alama ya kila maiki inapofunguliwa na kufungwa. Kundi la waigizaji sita kwa maiki mbili halipendezi: wawili wanavuma, wanne wanapotea. Ukumbini, heri wote watumie sauti zao, wakizoeshwa kufikia ukuta wa nyuma. Mvua ikipiga mabati ni habari nyingine.

Mahali seti hii inaporudisha pesa yake ni kwenye mazoezi ya hotuba. Rekodi kwenye simu, kisha msikilize pamoja: mwendo mzuri ni maneno 100 hadi 110 kwa dakika, hivyo hotuba ya dakika 3 isizidi maneno 330. Anayekimbia atajisikia mwenyewe akimeza pumzi katikati ya sentensi.