Bata Mzinga wa Sikukuu ya Shukrani Kutoka Duka la Nyama Halali, Columbus

Sikukuu ya Shukrani, ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1941 iliiweka Alhamisi ya nne ya Novemba, ndiyo siku ambayo ndugu zetu wote hapa Ohio hupata mapumziko kwa pamoja, kwa hiyo sipendi kubahatisha chakula chake. Safari hii tuliagiza bata mzinga wa kilo 7, aliyechinjwa kihalali, katika duka la nyama la mtaani kwetu. Muuzaji alitueleza kwa subira kwamba ndege aliyegandishwa huhitaji takriban siku 3 ndani ya jokofu ili ayeyuke, na kwamba nyama haiko salama kabla ya joto la ndani kufikia nyuzi 74 za Selsiasi. Mama alimpaka tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, akamwandaa pamoja na pilau, na nyama ya kidari, ambayo kwa kawaida hukauka upesi, ilibaki laini ajabu. Kasoro ni foleni ya Jumapili ya kuchukua oda, kwani tulisimama nje kwenye baridi karibu saa nzima. Hata hivyo nimekwisha kuagiza wa mwakani, na Bibi, aliyetuombea dua mmoja mmoja kwa jina kabla ya kula, ameomba awe mkubwa zaidi.