Mbao za fremu ya Ford TT ya 1925 hapa Mwanza: uzoefu wangu

Kazi ni fremu ya kibini (chumba cha dereva) ya lori la Ford TT, lile la wazi, mbavuni limekatwa kama herufi C, halina milango wala vioo vya pembeni. Mbao zilizonyooka nimenunua kwenye duka moja la mbao hapa jijini. Zile za kupinda nimezipata kwa mafundi wa mitumbwi ufukweni. Duka nalipatia nyota 3 kati ya 5, mafundi wa mitumbwi 4.

Kwanza aina ya mti. Watengeneza bodi wa Ulaya na Marekani zamani walipenda mti wa ash, mgumu lakini unaonyumbuka. Kuuagiza ni kupoteza hela, maana mninga unatosha kabisa: ukishakauka hauchezi sana, unashika skrubu, unakubali gundi, na mchwa hawasumbui kiini chake. Mkongo ni imara pia ila mzito. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani ya mbao, vinakula meno ya msumeno. Paini ya dawa msiiguse kwa kazi hii. Dawa ile ina shaba, inakula skrubu za chuma, na mbao yenyewe ni laini, kwa hiyo bolti inajichimbia kila gari likitikisika.

Dukani aina hawakunidanganya. Mninga ulikuwa mninga. Tatizo ni neno “kavu”. Muuzaji anakwambia, “Hizi kavu kabisa bosi, zina miezi sita hapa.” Miezi sita ni kweli, lakini zimelaliana bila vipapi (vijiti vya kuzitenganisha) katikati, hewa haipiti. Za juu zimekauka, za katikati bado mbichi. Usipime kwenye ncha, ncha hukauka mapema. Kata sentimita 30 kutoka mwisho, halafu toa kipande cha sentimita 2, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni nyuzi 100 hivi mpaka uzito ugome kushuka. Changu kilianza gramu 118 kikaishia 100. Hizo 18 gawanya kwa 100, unapata unyevu wa asilimia 18. Kwa bodi ya gari nataka 12 au 13. Ukiunga kwa 18, ulimi wa kiungo unasinyaa ndani ya tundu lake, nguzo inalegea, na bati linaanza kuimba kwenye barabara ya vumbi.

Kosa la pili ni unene. Zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, kwa hiyo “2 kwa 6” ilikuwa inchi 2 upande mmoja na inchi 1¾ upande wa pili. Kama unataka inchi 1¾ safi baada ya randa, nunua ya 2½. Nilichukua 2 kwa 6 za futi 10 vipande 7, na 1 kwa 8 za sakafu vipande 3. Theluthi nzima ikaenda na maji. Sehemu kubwa ya hasara ilikuwa ule weupe wa pembeni. Uondoeni wote hata kama unaonekana mzima, bungua hawachelewi.

Randa wanapiga hapohapo, haraka. Waambie waache milimita 4 za ziada, ukae na mbao wiki mbili zikiwa na vipapi, ndipo umalizie. Nyuzi za mninga zinapishana, kwa hiyo mkato wa mwisho uwe nusu milimita, la sivyo zinanyofoka.

Sasa ule mkunjo wa C. Ukiukata kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatishwa njiani na nguzo inapasuka palepale penye bolti. Kupindwa kwa mvuke mninga hautaki, unakatika upande wa nje. Fundi wa mtumbwi hashangai ukimwonyesha kiolezo cha hadibodi, maana mbavu (watu wa pwani wangesema mataruma) anazitoa kwenye miti iliyopinda yenyewe. Anageuza kiolezo juu ya gogo mpaka nyuzi zifuate mchoro, kisha anachonga kwa tezo. Nilichukua vipande 4 ingawa vinahitajika 2. Yeye kwake mbavu mbichi kidogo si neno, mtumbwi unaishi majini. Wewe paka rangi kwenye ncha, uziache kivulini miezi mitano. Kimoja kilijipinda kama pembe ya ng’ombe, mbao ya tawi ndivyo ilivyo. Nyota moja nimekata kwa sababu mafundi wale hupaka oili chafu bila kuuliza. Gundi na rangi havishiki hapo tena. Sema mapema.

Skrubu za shaba nyeupe zinakatika kwenye mninga. Toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndipo uingize ya shaba ikiwa imepakwa sabuni. Fremu ya zamani msiitupe hata kama imeoza: matundu ya bolti kwenye chesesi pimeni kutoka kwake.

Wa nje ya Mwanza, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kabla ya kupakia. Mimi duka lilinipa risiti siku hiyohiyo. Hati niliifuatilia mwenyewe siku mbili.