Programu ya Biblia ya YouVersion: Usiishie kwenye Andiko la Siku

Wakristo wengi ninaowafahamu huifungua programu ya Biblia ya YouVersion asubuhi kabla ya kufungua kitu kingine chochote kwenye simu, na kwa sababu hiyo inastahili kupimwa kwa uzito uleule ambao tungempima mwalimu tunayemkabidhi kazi ya kufundisha Neno la Mungu nyumbani mwetu. Nimeitumia katika ibada zangu binafsi na katika maandalizi ya jumuiya ya mtaani kwetu. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayetafuta mwongozo wa maisha yake ya kila siku na utulivu wa moyo, na anayetaka kujua kama programu hii inaweza kumsaidia.

Programu ilianzishwa na kanisa la Life.Church la jimbo la Oklahoma, Marekani, na ilianza kupatikana kwenye simu mwaka 2008. Hailipiwi, na mtumiaji hakatizwi na matangazo ya biashara katikati ya Zaburi, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayejaribu kutuliza mawazo. Kurasa zake zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hata mzee asiyejua lugha nyingine anaweza kuelekezwa mara moja, kisha akaendelea mwenyewe.

Hazina yake kubwa kwetu ni tafsiri. Ndani yake imo Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 ili Wakristo wa pwani na wa bara wapate Biblia moja, baada ya miaka mingi ya kutumia tafsiri mbalimbali, ikiwemo ile ya Zanzibar ya mwaka 1891 na ile ya Karl Roehl ya mwaka 1937. Hiyo ndiyo Biblia ambayo wengi wetu tuliikariri katika shule ya Jumapili na kipaimara, na ndiyo inayotujia kinywani tunapofikwa na msiba. Imo pia Biblia Habari Njema, ambayo vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya viliitoa kwa ushirikiano wa makanisa, pamoja na tafsiri mpya zaidi iitwayo Neno. Mtu anaweza kuusoma mstari mmoja katika tafsiri mbili kwa kugusa kioo tu. Mimi huzisoma Zaburi katika Union Version, kwa sababu mwendo wa maneno yake hukaa moyoni, lakini ninapofika kwenye hoja ndefu za Paulo kwa Warumi au Waraka kwa Waebrania huhamia Habari Njema, ambayo sentensi zake ni fupi na hazimpotezi msomaji njiani.

Sehemu inayotumiwa zaidi na watu ninaoishi nao ni andiko la siku: mstari mmoja unaowekwa mbele ya msomaji kila asubuhi, mara nyingi juu ya picha nzuri, ambao hutumwa kwa ndugu na marafiki na kuwekwa kwenye makundi ya familia. Siudharau mstari huo hata kidogo. Mtu aliyelala na wasiwasi wa ada, wa ugonjwa au wa kodi ya nyumba anaweza kushikwa mkono na mstari mmoja. Lakini baada ya kuitumia programu hii kwa muda wa kutosha, nimesadiki kwamba faida yake kubwa humfikia mtu anayeugusa mstari ule na kuifungua sura nzima, na kwamba anayeishia kwenye picha hupata faraja ambayo haivumilii mpaka mchana.

Chukua Yeremia 29:11, mstari ambao huenda ndio unaotumwa kuliko yote: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Ukisomwa peke yake, unaonekana kama ahadi kwamba jambo unalolisubiri liko karibu kufunguka. Ukifungua sura, unakuta ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli, na katika sura iliyotangulia nabii mwingine, Hanania, amekwisha kuahidi hadharani huko Yerusalemu kwamba mambo yote yatarudi kama zamani katika muda wa miaka miwili. Yeremia anawaambia kwamba itakuwa miaka sabini. Anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee kwa Bwana mji uleule walikopelekwa mateka, kwa sababu katika amani ya mji huo wao pia watapata amani. Ndipo, baada ya maagizo hayo mazito, linakuja neno lile la mawazo ya amani.

Jambo hili linabadilisha kabisa mwongozo anaoupata msomaji. Kijana aliyemaliza chuo na hajapata ajira, ambaye asubuhi alisoma mstari ule na kungoja simu iite, anapoisoma sura nzima anaambiwa apande bustani katika nchi ya ugeni, yaani aanze kuishi, afanye kazi iliyo mbele yake na kuwatakia mema watu wa mahali alipo, bila kuacha kuitumaini ahadi. Tumaini la namna hiyo linaweza kubeba mwaka mzima wa kusubiri, wakati tumaini la Hanania huisha pale miaka miwili inapopita.

Ndivyo ilivyo pia kwa Wafilipi 4:6, “Msijisumbue kwa neno lo lote,” mstari ambao wengi tumeupelekewa tukiwa hospitalini au tukisubiri matokeo ya mtihani. Msomaji akipandisha macho mistari michache tu juu yake, anawakuta wanawake wawili, Euodia na Sintike, waliofanya kazi ya Injili pamoja na Paulo na sasa hawapatani, naye anawasihi wawe na nia moja katika Bwana na kumwomba mwenzake awasaidie. Akirudi mpaka sura ya kwanza, anagundua kwamba anayezungumza juu ya amani ipitayo akili zote ni mtu aliye kifungoni. Naomba wanajumuiya wenzangu walitafakari hilo: amani ya Mungu imetajwa pumzi moja na ugomvi wa watu wawili wa kanisa moja, na huenda wasiwasi ninaomwomba Mungu auondoe unahitaji kwanza niende kubisha hodi kwa jirani tusiyesalimiana naye.

Kuhusu mwongozo wa mambo ya kawaida, fedha, maneno na kazi, sijaona kitu kinachokishinda kitabu cha Mithali kikisomwa kwa utaratibu ambao wazee wetu waliutumia: sura moja kwa siku, kwa kuwa sura zake ni 31 na zinaenea mwezi mzima. Programu inaurahisisha utaratibu huu, kwa maana huhifadhi alama ulipoishia, hukuruhusu kuupaka mstari rangi na kuandika maoni yako kando yake. Katika sura ya sita, kwa mfano, mna onyo kwa mtu aliyejifunga kwa udhamini wa deni la mwenzake: asiupe usingizi macho yake, bali ajinyenyekeze, aende akamsihi mwenziwe, ajiponye kama paa anavyojiponya na mkono wa mwindaji. Sisi ambao kila mwezi tunaombwa kusaini udhamini wa mikopo katika VICOBA na SACCOS tunalihitaji onyo hilo kuliko tunavyodhani. Ni vigumu maneno kama hayo kuchaguliwa kuwa andiko la siku, kwa sababu yakisimama peke yake hayafariji, lakini nimemwona dada mmoja wa jumuiya yetu akikataa kwa upole, na kwa dhamiri safi, dhamana ambayo ingemgharimu shamba, kwa sababu alikuwa amefika kwenye sura hiyo katika usomaji wake.

Mipango ya kusoma ni eneo lingine ambalo programu inajivunia, nayo hutofautiana sana kwa ubora. Ile inayompitisha msomaji katika kitabu kizima cha Biblia, kidogo kidogo, naipendekeza bila kusita, hasa Injili ya Marko kwa anayeanza. Ile ya siku chache inayohusu hofu, ndoa au msamaha huwa na mistari iliyochaguliwa vizuri, lakini maelezo yake mengi yameandikwa kwanza kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine, na mifano yake haigusi maisha ya mtu anayepanda daladala au anayeamkia shambani. Mipango iliyo kwa Kiswahili pia ni michache ikilinganishwa na iliyo kwa Kiingereza. Pengo hili halitazibwa na watu wa Oklahoma, bali linawangoja wachungaji, makatekista na waandishi wetu wenyewe, ambao wana mahubiri ya kutosha kuandika mipango mizuri kwa lugha yetu.

Kwa upande wa matumizi, naomba nitaje mambo machache kwa ufupi. Herufi zinaweza kukuzwa, na kwa wazee wenye macho hafifu hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuipakua. Baadhi ya tafsiri zina sauti, hivyo mama anaweza kusikiliza Zaburi huku akipika. Baadhi zinaweza kuhifadhiwa kwenye simu ili zisomwe bila bando, lakini si zote, kwa kuwa ruhusa hutegemea makubaliano na wenye haki ya tafsiri. Ni busara kufungua akaunti na kupakua tafsiri unayoitaka ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kabla ya safari ya kijijini.

Programu pia huhesabu siku ambazo mtu ameifungua mfululizo. Wapo wanaosaidiwa na hesabu hiyo kujenga desturi, nami nawaheshimu, lakini kwa mtu mwenye moyo wa kujilaumu inaweza kugeuka mzigo, akaifungua usiku wa manane ili hesabu isikatike na kuifunga bila kusoma. Mtu wa namna hiyo ningemshauri asiitazame hesabu kabisa. Ningemshauri vilevile azime data anapokaa kusoma, maana ujumbe unaoingia katikati ya sala humwondoa mtu mbele za Mungu upesi, na kurudi huchukua muda.

Je, inachukua nafasi ya Biblia ya karatasi? Katika nyumba yetu, hapana. Ibada ya jioni tunaifanya kwa kitabu, kinachopita mkono kwa mkono ili kila mtoto asome mistari yake na kujifunza mwenyewe kuitafuta Habakuki ilipo. Lakini kwa muda wa mtu peke yake, kwenye foleni ya zahanati, ndani ya basi au katika zamu ya usiku, programu hii naipendekeza kwa moyo wote. Anayeanza leo apakue Habari Njema na Union Version kwa pamoja, achague Marko au Mithali, aweke arifa yake saa ambayo kweli ana nafasi, na kila andiko la siku likimfikia aliguse lifunguke sura nzima kabla ya kulituma kwa mtu mwingine.