TAHADHARI: Safari za vikundi kwenda Ngorongoro, tumeuziwa kibali cha watu 5 tukiwa 28

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, hasa mnaoshika hela za vikundi, naomba mnisome mpaka mwisho. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Sanawari. Jumamosi iliyopita tulisimama geti la Lodoare watu 28, tumevaa sare zetu, tunaambiwa kibali tulichonacho ni cha watu 5.

Tulichanga 75,000 kila mmoja, jumla 2,100,000. Hiyo ni hela ya vitumbua, ya maziwa, ya mitumba ya Kilombero, imewekwa kidogo kidogo kwa miezi. Wengi wetu tumezaliwa chini ya Meru na hatujawahi kuingia hifadhi yoyote, tunayaona tu magari ya wageni yakipita. Aliyetuuzia ni kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani, katikati ya mji. Ana fulana yenye nembo, ana adabu, kila akipiga simu anaanza na "shikamoo mama". Tangazo lake lilitufikia kwenye grupu la WhatsApp: usafiri, kiingilio, chakula cha mchana na kushuka kreta, yaani lile bonde lenye wanyama. Jina lake silitaji kwa sababu nimeshafungua jalada polisi na sitaki kuharibu kesi, ila namna alivyofanya nataka kila mtu aijue.

Namba ya malipo aliyotupa ilikuwa ya kweli kabisa, na hapo ndipo aliponiweza. Nilijua malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Nilipoiona kwenye ankara nikaridhika. Kumbe alitoa ankara ya watu wazima 5, akailipia, halafu akaichezea kwenye kompyuta mpaka ikasomeka 28. Askari wa getini hana haja na karatasi yako, anaingiza namba kwenye mfumo. Yule wa kwetu alitugeuzia skrini tuone wenyewe. Miguu ilinilegea. Nikampigia kijana, akapokea mara moja tu: "Mama, mtandao wa getini una shida, subirini kidogo." Simu ikazimwa, na mpaka leo haijawashwa.

Kuna mambo mawili ambayo ningeyajua mapema tusingefika huko. Kwanza, pamoja na ile ankara alitupa barua aliyoiita kibali cha kikundi, ina nembo ya TANAPA. Ngorongoro haiko chini ya TANAPA. Ilitenganishwa na Serengeti mwaka 1959 na ina mamlaka yake, NCAA. TANAPA wanasimamia hifadhi za taifa, kama Serengeti, Tarangire, Ziwa Manyara, Arusha na Kilimanjaro. Mtu anayekupeleka kreta na karatasi ya TANAPA, simama hapo hapo umuulize.

Halafu lile gari. Alituletea Kosta, na sisi tukaifurahia kwa kuwa ni mpya. Kreta haishuki Kosta. Barabara ile ni ya magari yenye nguvu magurudumu yote manne, na kila gari linaloshuka lina ada yake, mbali na kiingilio cha watu. Kwa watu 28 zingehitajika gari nne au tano. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa anajua kwamba hatutashuka.

Tuliamua tusirudi mikono mitupu. Askari walitutolea ankara ya watu 23, nikalipa kwa simu kutoka mfuko wa kikoba, tukapanda mpaka pale pa kutazamia juu ya kreta. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tuna mama wa miaka 71 ambaye tangu tuanze kuchanga alikuwa anasema anataka kumuona faru kabla hajafa. Alisimama pale ukingoni karibu nusu saa, amejifunga kitenge kichwani kwa baridi, anatazama ukungu. Hakulalamika hata neno moja. Kila nikikumbuka naumia kuliko zile hela.

Kosa langu nalisema ili wewe usilirudie. Nilituma hela yote kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke, si lake wala la kampuni. Akaniambia ni la mhasibu. Leseni ya utalii alinionyesha picha kwenye simu, sikusoma jina la kampuni lililoandikwa. Fanya hivi: mwambie akupe kontroo namba mapema, ukailipe mwenyewe benki, na kabla hujatoa hela muombe karani akusomee ni ya taasisi gani, kiasi gani na kwa jina la nani. Kiasi kisipolingana na idadi ya watu wenu, usilipe. Hela ya gari na chakula mpe nusu, nyingine aipate siku ya safari gari likiwa mbele yenu.

Wa Moshi, kwenu yapo pia. Rafiki yangu anayefanya kazi ya kupandisha wageni mlimani ananiambia siku hizi kuna watu wanauza safari ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 6, kwa dola 700. Piga hesabu: mgeni wa nje analipa ada ya uhifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20. Ongeza VAT, umeshapita 800 kabla hujanunua hata kilo ya mchele. Ama mgeni anaachwa getini, ama wapagazi wanashuka geti la Mweka bila kulipwa.

Namba ya yule kijana wa kwetu nimeshairipoti kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Nimesikia anakusanya hela za kikundi kingine cha Usa River, safari ya Tarangire mwisho wa mwezi huu. Kama wewe ni mmoja wao, usisubiri siku ya safari. Chukua ile namba ya malipo kesho asubuhi, nenda nayo ofisi za TANAPA hapa Arusha, waombe wakuangalizie imelipiwa watu wangapi. Ikiwa pungufu, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), kisha nitafute hapa kwenye maoni ili tupeleke malalamiko pamoja.