Bridge Master: Zoezi la Briji Lisiloacha Nafasi kwa Bahati

Mchezaji wa briji, mchezo wa karata wa watu wanne katika jozi mbili, aliyekwisha kuzijua kanuni, anayehesabu pointi zake bila kusita na kukumbuka ni turufu ngapi zimetoka, hufika mahali ambapo kucheza zaidi hakumwongezei maarifa. Anatimiza mikataba mingine, yaani ahadi za kula idadi fulani ya mizunguko, na kushindwa mingine, lakini hawezi kutofautisha mkataba alioutimiza kwa fikra sahihi na ule uliotimia kwa sababu tu karata zilikaa vizuri. Kwa mchezaji wa kiwango hicho, chombo ninachokithamini kuliko vingine vyote ni Bridge Master, programu ya mazoezi iliyotungwa na Fred Gitelman wa Kanada, ambayo sasa inapatikana bure ndani ya Bridge Base Online, jukwaa aliloliasisi mwaka 2001. Gitelman si mtunga programu peke yake. Alikuwa katika timu iliyotwaa Kombe la Rosenblum, taji la dunia la timu za wazi, mwaka 2010, na ustadi huo unaonekana katika kila mgao alioupanga.

Migao imegawanywa katika ngazi 5, kuanzia ya wanaoanza hadi ya mabingwa wa dunia. Unapofungua mgao, unakuta mnada, yaani kushindania mkataba, umekwisha, mkataba umewekwa na karata ya kwanza ya mpinzani iko mezani. Kazi yako ni moja tu, yaani kuutimiza mkataba kwa karata zako na zile za mshirika wako zilizolazwa wazi. Kinachoitofautisha programu hii na mazoezi mengine ni namna inavyowatendea wapinzani. Karata zao hazilazimiki kubaki mahali pamoja: ukichagua njia yenye kasoro, programu inazipanga upya zile ambazo hazijaonekana ili njia hiyo ishindwe, hata kama mezani ingefanikiwa mara nyingi. Ukichagua njia bora, unafanikiwa.

Ili nisimharibie mtu zoezi, natoa mfano nilioutunga mwenyewe kwa mtindo wa ngazi za mwanzo. Wewe ni Kusini na unacheza mkataba wa 3 bila turufu, yaani mizunguko 3 juu ya 6, kwa hiyo unahitaji kula mizunguko 9 kati ya 13. Mkononi una shupaza A 6 4, kopa A Q 3 2, uru 9 5 2 na pao A 7 3. Mshirika wako amelaza shupaza 7 3, kopa K 8 5, uru A Q J 10 4 na pao K 6 2. Magharibi anaanza na 5 ya shupaza, na Mashariki anaweka Q.

Mizunguko uliyo nayo tayari ni 7: mmoja wa shupaza, mitatu ya kopa, mmoja wa uru na miwili ya pao. Iliyobaki itatoka katika uru. Utacheza uru ndogo kutoka mkononi na kuweka Q au J kwa mshirika, ukitumaini kwamba K iko kwa Magharibi. Na hata ikiwa iko kwa Mashariki, utapoteza mzunguko mmoja tu na uru zitakazobaki zitakuwa zako. Kwa hesabu hiyo mchezaji mwenye haraka anaikamata Q ya shupaza kwa A yake na kukimbilia uru. K ikiwa kwa Magharibi, anapata mizunguko mingi kuliko anayohitaji na anaondoka mezani akijiona bingwa. K ikiwa kwa Mashariki na Magharibi akiwa ameanza na shupaza 5, shupaza inarudishwa mara moja, Magharibi anakula mizunguko 4 ya shupaza, na mkataba umekwenda.

Njia iliyo sahihi ni kuizuia A. Unaacha mzunguko wa kwanza wa shupaza, unaacha wa pili, na unaitoa A katika wa tatu. Wapinzani wana shupaza 8. Zikiwa zimegawanyika 5 kwa 3, sasa Mashariki hana hata moja, na akiingia kwa K ya uru hawezi kumfikia mwenzake. Zikiwa 4 kwa 4, wanaweza kula shupaza 3 na K ya uru, na mkataba bado ni wako. Hakuna kitu kingine katika mgao huu kinachoweza kukudhuru, kwa sababu ukitegwa kwa pao au kopa una karata za juu za kutosha.

Mezani, anayeitoa A mapema anasamehewa angalau mara moja katika kila mbili. Katika Bridge Master hasamehewi kamwe. K ya uru itakuwa kwa Mashariki na shupaza zitakuwa 5 kwa 3, leo na kesho, hadi atakapoelewa. Sijaona njia nyingine ya kujifunza inayotenganisha uamuzi na matokeo kwa ukali kama huu, na naamini ndiyo sababu mtu anayefanya mazoezi haya kwa utulivu huanza kusimama na kufikiri kabla ya kugusa karata ya kwanza. Mikataba mingi huamuliwa katika mzunguko huo wa kwanza, wakati mchezaji asiye na uzoefu anapodhani kwamba mchezo haujaanza.

Katika ngazi ya pili na ya tatu, swali linahama kutoka "njia gani" na kuwa "kwa mpangilio gani". Chukua mkataba unaohitaji mzunguko mmoja zaidi, nawe una nafasi mbili za kuupata: rangi ambayo wapinzani wana karata 6, itakayokupa mzunguko ikiwa wamegawana 3 kwa 3, na rangi nyingine ambamo unaweza kunyemelea K iliyofichika, yaani kucheza ukitumaini kwamba iko upande unaokufaa, kama ile ya uru hapo juu. Mgawanyo wa 3 kwa 3 hutokea takriban mara 36 katika 100, na kunyemelea hufaulu nusu ya wakati. Anayenyemelea kwanza na kupoteza anaweza kuwa amewapa wapinzani zamu ya kumuua kabla hajaijaribu ile rangi ya kwanza. Anayeijaribu kwanza rangi ya karata 6, kisha akanyemelea pale tu mgawanyo unapokataa, anaunganisha nafasi zote mbili na kupata takriban 68 katika 100. Programu haimwambii mtu hesabu hii mwanzoni. Inamwacha aione baada ya kushindwa, kisha inamfungulia maelezo.

Maelezo hayo yanastahili sifa ya pekee. Yameandikwa kwa hatua, ukurasa kwa ukurasa, huku karata zikionyeshwa jinsi zinavyotoka, na hayaishii kutaja karata iliyo sahihi, bali yanaeleza kwa nini ile uliyoichagua ingekutoa. Mtindo wake ni wa mwalimu mwenye subira. Hayana video, kwa hiyo hata mwenye intaneti ya polepole anayapitia bila shida. Lakini yameandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili aliyezoea michezo ya turufu ya barazani, ambaye tayari anajua kukata na kuhesabu karata zilizotoka, atalazimika kujifunza istilahi zote za briji kwa lugha hiyo. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mchezaji wa namna hiyo amekwisha kuvuka nusu ya safari.

Upungufu mwingine umo katika muundo wenyewe wa zoezi. Mtu anayefungua mgao wa Bridge Master anajua kwamba kuna mtego. Mezani hakuna anayemwambia, na kuutambua mgao unaohitaji fikra kati ya kumi isiyohitaji ni ustadi wa pekee ambao programu hii haiwezi kuufundisha. Vilevile, falsafa yake nzima ni kuulinda mkataba. Hiyo ndiyo falsafa sahihi katika mashindano ya timu, yanayolinganisha meza mbili zilizocheza mgao uleule, ambamo mzunguko mmoja wa ziada hauna uzito mkubwa. Katika mashindano ya jozi, ambamo kila mgao unalinganishwa na meza nyingine, alama 430 za mizunguko 10 huzishinda kabisa 400 za mizunguko 9, na kuna nyakati ambapo inafaa kuuhatarisha mkataba kidogo kwa ajili ya mzunguko huo wa kumi. Anayecheza jozi peke yake aifanye Bridge Master akiwa na tahadhari hiyo kichwani.

Pengo kubwa zaidi, hata hivyo, ni kunadi. Kwa kuwa mnada umekwisha kabla hujaketi, zoezi halikuulizi kamwe kama ulipaswa kuwa katika mkataba huo. Maamuzi hayo yana hesabu zake, nazo zinashangaza wengi. Tuseme ni mashindano ya timu, upande wenu uko hatarini (hali ambamo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi), na mmefika 2 bila turufu mkiwa na takriban pointi 24 kati ya 40 zilizomo katika karata zote. Je, mpande hadi 3? Mkipanda na kutimiza, huku wapinzani wenu walioshika karata zilezile katika meza ya pili wakibaki 2, mnapata 600 dhidi ya 150, tofauti ya 450, ambayo ni alama 10 za IMP, kipimo kinachogeuza tofauti kati ya meza mbili kuwa alama za timu. Mkipanda na kukosa mzunguko mmoja, mnapoteza 100 huku wao wakipata 120, tofauti ya 220, ambayo ni IMP 6. Kwa hiyo inatosha mkataba utimie mara 37 au 38 katika 100 ili kupanda kuwe na faida. Msipokuwa hatarini, faida ni IMP 6 na hasara ni 5, na kiwango kinapanda hadi takriban 45 katika 100. Mchezaji anayesubiri uhakika kabla ya kunadi mkataba mkubwa anapoteza mashindano polepole bila kuona ni wapi alipoyapoteza.

Bahati njema ni kwamba jukwaa lilelile linaziba sehemu ya pengo hilo. Lina meza ya kunadi, ambapo washirika wawili wanapewa mgao baada ya mgao na kunadi tu bila kucheza, na wanaweza kujadili kila mnada papo hapo. Naipendekeza kwa jozi yoyote inayotaka kukua, kwani kutoelewana katika mnada kunagharimu alama nyingi kuliko uchezaji mbaya. Kwa asiye na mshirika kuna roboti, ambazo baadhi ya michezo yake hutozwa ada ndogo. Roboti hizo hunadi kwa mfumo unaodai karata 5 ili kufungua kopa au shupaza, na 1 bila turufu kwa pointi 15 hadi 17, na kila tamko la mnada lina maelezo unayoweza kuyasoma kabla ya kulichagua. Zinashika mfumo kwa nidhamu, lakini katika minada yenye ushindani mkali hufanya mambo ambayo binadamu mwenye busara asingeyafanya, na mtu asijifunze kutoka kwazo namna ya kuamua pale wapinzani wanapoingilia.

Ulinzi, yaani kumzuia mwenye mkataba, ndio uliobaki bila mwalimu. Mchezaji wa kawaida huwa mwenye mkataba katika robo ya migao tu, huku akiwa mlinzi katika nusu yake, na bado Bridge Master inamweka daima katika kiti cha mwenye mkataba. Namshauri anayeimaliza ngazi ya pili asikimbilie ya nne, ambayo imejaa mbinu za kumbana mpinzani zinazotokea kwa nadra. Airudie ile ngazi ya pili akiwa amejiweka katika kiti cha Mashariki: katika kila mgao ajiulize ni karata gani angeirudisha ili mwenye mkataba akose njia. Mwenye kutoa A ya shupaza katika mzunguko wa tatu huku akihesabu karata za Mashariki amekwisha kufanya nusu ya kazi hiyo.