Tikka T3x ya mashoto: bunduki ya kuwindia kwa sisi wa mkono wa kushoto

Wakuu, ukiingia duka la bunduki huku Minnesota ukaishika bunduki begani upande wa kushoto, muuzaji atakwambia chukua tu hii ya kulia, utazoea. Msikubali. Mimi ni mashoto tangu kuzaliwa, nimesoma msingi Tanzania enzi ambazo ukishika kalamu na kushoto unachapwa, kwa hiyo habari ya kulazimishwa mkono usio wako naijua vizuri na sitaki mtu mwingine ailipie hela yake.

Bunduki ya bolti ni ile ambayo kila ukifyatua unainua mkono wa bolti (lile komeo la chuma la nyuma ya mtutu), unavuta nyuma ganda linaruka nje, unasukuma mbele, unashusha, ndio risasi nyingine inakaa chemba, yaani chumba chake nyuma ya mtutu. Zile za kawaida huo mkono uko kulia. Sasa wewe unafyatulia bega la kushoto, inabidi kiganja kiachie triga, kivuke juu ya skopu (darubini ya kulengea) kikafuate bolti upande wa pili, na mpaka umemaliza kitako kimeshahama begani, jicho limeshapoteza shabaha na kulungu kashaondoka zake. Halafu lile tundu la kutolea ganda linakuwa upande wa uso wako. Ikitokea risasi mbovu ganda likapasuka, gesi inatafuta pa kutokea na wewe ndio umeweka uso hapo. Miwani ya kujikinga vaeni hata hivyo, iwe bunduki ya kulia au ya kushoto.

Kuna watakaosema ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga pale uwanja wa shabaha unaweza kukoki kwa mkono wa kulia bila kuhama. Ni kweli kabisa, na wapo mashoto wanaopenda hivyo. Ila ukiwa juu ya mti unamvizia kulungu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa 11, mfuko wa mchanga hakuna.

Kabla hujatoa hela pima jicho kwanza, maana wapo wanaoandika kwa mkono wa kulia lakini jicho lenye nguvu ni la kushoto. Nyoosha mikono mbele, tengeneza katundu kadogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali macho yote yako wazi, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki peke yake bado unakiona kile kitu ndilo la kulengea, na bunduki inafuata jicho.

Mimi nilichukua Tikka T3x Lite ya mashoto, kaliba (yaani saizi ya risasi) .308. Inatengenezwa Finland na Sako, na T3x ndio toleo lililotoka 2016 baada ya T3. Kilichoniuza ni bolti. Inateleza kama imepakwa samli, unainua nyuzi 70 tu wakati bunduki nyingi ni 90, na hizo nyuzi 20 ni jambo kubwa ukiwa umevaa glavu nene kwenye baridi ya huku kwa sababu vidole havigongi skopu wakati unainua. Mkono wa bolti uko kushoto, tundu la ganda kushoto, sefti (kile kitufe cha kuzuia isifyatuke) iko kushoto nyuma ya bolti hapo hapo kidole gumba kilipo, na ukiifunga sefti bolti nayo inafunga, haiwezi kufunguka ikikwaruzwa na matawi ukiwa unatembea. Triga unaweza kuirekebisha, inakatika safi bila kuburuta. Kiwanda kinaahidi risasi tatu ndani ya inchi moja kwa yadi 100, na yangu inafanya hivyo kwa risasi za kawaida za dukani.

Ni nyepesi, haifiki kilo tatu bila skopu, utamu wake ni kuibeba siku nzima. Uchungu wake ni teke. Ile raba ya kitako imeboreshwa kwenye T3x lakini fizikia ni fizikia, bunduki nyepesi inapiga bega, ndio maana nasema .308 inatosha kwa kulungu, huna haja ya kukimbilia magnum, zile risasi zenye baruti nyingi zaidi. Magazini ni ya plastiki, inaingia risasi tatu tu, na ya akiba bei yake inaumiza, ila nunueni moja ya akiba mapema.

Kama mfuko haujakaa sawa, angalieni Savage 110. Hawa tuwape heshima yao, walitoa bolti ya mashoto kiwandani kwa bei ya mtu wa kawaida tangu 1959 wakati wengine hawatujali. AccuTrigger, triga yao ya kurekebishika, ni nzuri sana na sefti iko juu katikati nyuma ya bolti, mkono wowote unaifikia. Bolti yake si laini kama ya Tikka. Ruger American nayo ipo ya mashoto, bei nafuu, nyuzi 70 vilevile na sefti ya juu, kitako chake cha plastiki ndio chepesi mno kwa ladha yangu. Browning X-Bolt ni nyuzi 60 na imekamilika kwa uzuri, mwenye nazo achukue.

Angalieni na kitako, watu wanasahau hili. Kama kina uvimbe wa kuegemeza shavu, kwetu uwe upande wa kulia wa kitako. Nimeshaona bunduki ya mtumba inatangazwa ya mashoto, bolti kweli kushoto, kitako kimebadilishwa cha kulia. Ishike begani, fumba macho, ilenge, fumbua, ukiona unatafuta skopu hiyo sio yako.

Dukani mtazikuta chache mno kwenye rafu, na kaliba ni zile za kawaida tu, .308, .30-06, .270, 6.5 Creedmoor. Agizeni mapema, miezi ya 5 au 6, msisubiri mwezi wa 10 mkaishia kuuziwa ya kulia yenye punguzo. Na ukienda uwanja wa shabaha omba meza ya mwisho kabisa kushoto, kwa sababu maganda yako yanaruka upande ambao wenzako hawajazoea, yanatoka ya moto na yanaweza kumwangukia jirani shingoni.

Kwa walioko Tanzania wanaofikiria nyati, hesabu ni nyingine, huko ni .375 kwenda juu na bunduki za mashoto za kaliba hiyo ni chache na ghali. Blaser R8 inapatikana ya kushoto na unabadilisha mtutu pamoja na kichwa cha bolti na kiingizo cha magazini, .308 kwa swala na .375 H&H kwa nyati, bolti yake unavuta na kusukuma tu bila kuinua. Bei yake ni ya Tikka kadhaa.