BioShock: nimeicheza tena baada ya kusoma uchambuzi, nimeona nilichokipita mwanzo

Juzi nimemaliza BioShock mara ya pili, hii ya PS4, CD ya mtumba, na safari hii nimeicheza kwa macho mengine kabisa maana hapo katikati nilikaa nikasoma watu walioichambua kwa kina, sio zile rivyu zetu za "gemu kali, grafiksi noma, 10/10" halafu imeisha hiyo.

Kwa asiyeijua, ilitoka 2007, kiongozi wa mradi ni Ken Levine. Mwaka ni 1960, ndege yako inaanguka baharini, unajikuta Rapture, mji uliojengwa chini ya maji na tajiri anaitwa Andrew Ryan anayeamini kila mtu ahangaikie chake na asidaiwe kitu na mwenzake. Mji wenyewe umeshaoza, maji yanavuja, chuma kinalia, watu wamerukwa na akili kwa ajili ya kitu kinaitwa ADAM, kinachompa mtu nguvu za ajabu, na wewe mchezaji ndicho unachonunulia nguvu hizo. Kwa hali ya mahali sina neno, ni kazi safi sana.

Sasa njoo kwa wale mabinti wadogo, Little Sisters. Ukishamuua mlinzi wake lile lidude kubwa, katoto kanachuchumaa kanalilia maiti, wewe unachagua: umtoe ADAM yote afe upate 160, au umwokoe upate 80. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka kweli, nikaokoa, nikajiona nimejinyima. Safari hii nikachukua kalamu. Ukiokoa watatu unaachiwa zawadi yenye ADAM 200, kwahiyo jumla yako 440, anayeua watatu ana 480. Tofauti 40 tu! Gemu inakwambia wema una gharama kubwa halafu kimyakimya inakurudishia hela yako, sasa hapo kujinyima kuko wapi?

Hili la hesabu nisingelifikiria bila insha ya Clint Hocking ya Oktoba 2007, miezi miwili tu tangu gemu itoke. Na jamaa sio mtu wa pembeni anayeponda, yeye mwenyewe alikuwa anatengeneza magemu kampuni ya Ubisoft. Hoja yake ni kwamba ukiwa na padi mkononi unaruhusiwa kuwa mbinafsi au kukataa, lakini stori haikupi nafasi hiyo, lazima umsaidie Atlas anayekutuma kwa redio, utake usitake. Yaani mchezo unasema hivi, stori inasema vile. (Kama hujaicheza ruka hapa.) Kuna siri inafichuka mbele inayoeleza kwa nini ulikuwa unatii, ilinisisimua mwili mzima, ila baada ya hapo anabadilika tu wa kukutuma, sasa ni Tenenbaum, yule mwanasayansi aliyewatengeneza Little Sisters, na bado huna pa kukataa. Ndio maana robo ya mwisho naona inapwaya.

Na insha ile haikupotea hewani. Hocking mwaka uliofuata akatoa Far Cry 2, nchi ya Afrika isiyotajwa jina, bunduki inakwama katikati ya mapigano, malaria inakupanda hapo hapo, shida unazipata mwenyewe ukicheza, husimuliwi. Neno alilolibuni la mgongano wa stori na mchezo, "ludonarrative dissonance", watu wakaanza kulitumia kwa magemu ya Uncharted, ambako shujaa wake Nathan Drake ni mcheshi mpole kwenye video halafu ukishika padi anaua mamia, na 2016 Uncharted 4 wakaweka trofi yenye jina la neno hilohilo, unaipata ukifikisha maadui 1,000. Wenye gemu walikuwa wanasoma.

Hicho ndicho ninachokililia kwetu. Ukimwambia mtu gemu anayoipenda stori yake ina tobo, anakuuliza kwani wewe unaweza kutengeneza? Wakati anayekaa na kalamu kuhesabu ADAM ndiye anayeiheshimu zaidi ya aliyetoa 10/10 kwa trela.

Mimi naipa 8. Inunue, ya mtumba inatosha, usimpe mtoto maana ni ya 18. Washa maandishi ya chini usikilize kila kanda ya sauti unayookota, nusu ya stori iko humo. Na ukifika kwa kale kabinti ka kwanza, usiharakishe kubonyeza.